Noah Yenye Harufu ya Kafuri

Jumanne, 8 Oktoba
Papa amenipa Noah yake. Macho yamechoka, hawezi tena kuendesha. "Uzisha, ufungue atelier yako ya kushona." Hatimaye, cherehani yangu itatoka barazani! Mama Berthe, mwenye vyumba vya kupangisha karibu na soko, amekubali kunishikia kimoja hadi Jumanne ijayo jioni. Baada ya hapo anampa muuza simu. Wiki moja inatosha. Injini haijawahi kufunguliwa, makaratasi yote yapo. Nani atakataa?

Alhamisi, 10 Oktoba
Mnunuzi wa kwanza: Médard, mwalimu. Volani, yaani usukani, iko kulia, na huku kwetu inatakiwa kushoto — akapunguza bei. Kaunta ya kilomita imekufa — akapunguza. Kutu chini ya mlango — akapunguza tena. Sikununa. Gari ni gari, na yeye alikuwa na haki. Tukaelewana.

Ndipo Papa akatoka na kikombe chake cha kahawa. "Mwalimu, hii gari iko na baraka. Maiti yote ya quartier ilipita mule ndani. Nilibabeba bure, mpaka makaburini."

Alisema hivyo kwa fahari, kama anayetangaza matairi mapya. Médard aliondoa mkono wake kwenye kiti, polepole. Akakumbuka ana kikao shuleni.

Papa hajaelewa hadi sasa. Anauliza kwa nini yule bwana amekimbia, wakati thawabu zote hizo zilipaswa kupandisha bei. Nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Jumamosi, 12 Oktoba
Nimemwita Fadhili, komisioneri, yaani dalali wa magari, jirani yetu tangu utoto. Alikagua kila kitu. Alimwaga hata ndoo ya maji juu ya paa kuona kama linavuja. Halivuji. Kisha akacheka.

"Djamila, tusidanganyane. Moteur iko muzuri, bodi iko muzuri. Lakini batu banaiita corbillard. Ile historia inakula nusu ya bei."

Nusu! Na wanaoliita gari la maiti ni walewale waliokuja kubisha hodi kwetu wakilia. Fadhila za punda ni mateke. Nimekasirika mpaka kichwa kinauma.

Nikamwuliza, tulipake rangi mpya? Akakataa: watu wataona rangi, watasema lilipata ajali. Dawa ni mnunuzi wa mbali, asiyejua lolote. Na harufu ya kafuri ya maiti itoke. Nimesugua viti kwa Omo, nikasugua kwa ndimu. Sasa linanuka kafuri na ndimu.

Jumatatu, 14 Oktoba
Mvua. Fadhili kaleta mtu kutoka Yahuma, anaitwa Jacques. Hamjui mtu hapa. Anataka gari la kubeba abiria wa uwanja wa ndege, Bangboka. Fundi wake alisikiliza injini, akaonja mafuta kwa kidole, akaridhika. Jacques akanusa kiti. Fadhili akawahi: "Iko dawa ya mende, tonton."

Sikupenda, lakini nilinyamaza.

Bei nzuri! Kesho asubuhi analipa. Papa nimemwambia ashinde kwa shangazi Safi. "Unanificha, Djamila? Niliiba nini?" Naona haya, na bado nataka chumba.

Jumanne, 15 Oktoba
Naandika ndani ya gari, mbele ya nyumba ya kina Fadhili.

Jacques alifika mapema. Alikuwa anafungua bahasha Fadhili alipoingia. Nikadhani kafuata komisheni yake. Lakini hakuwa na viatu, na shati kalivaa nje ndani.

"Djamila, mama amekufa. Banamuosha sasa. Niko naomba gari. Ile yetu ya siku yote."

Mbele ya mnunuzi aliyemleta mwenyewe. Jacques aliuliza, ya siku zote ya nini? Kisha akaelewa mwenyewe, na ile dawa ya mende pia akaielewa. Akafunga bahasha.

Si mtu mbaya. Alianza kwa kumpa Fadhili pole. Kisha akaniambia atanivumilia uongo wa jana, bei ibaki ileile, lakini gari lisitoke leo na maiti. Likitoka, atalipa nusu au arudi Yahuma. Ameketi kwenye baraza letu, anasubiri hadi adhuhuri.

Nilitaka kukataa. Wallahi nilitaka. Nusu haitoshi chumba hata kidogo. Nilimtazama Fadhili, miguu yake imejaa matope, nikafungua mdomo nikatae. Nikajisikia nauliza: nani atakaa nyuma na mama?

Viti nimevikunja mwenyewe. Adhana ya adhuhuri imepita. Mama Berthe amepiga simu, sijapokea. Papa amekuja kwa miguu kutoka kwa shangazi. Hajaniuliza bei.

Mawingu tena. Fadhili amekuja dirishani. Anauliza kama paa halivuji, mama asilowe. Ananiuliza mimi! Ndoo ile aliimwaga yeye. Nimemwambia halivuji, Fadhili, halivuji.

Wanatoka na jeneza. Papa ananipungia mkono nirudishe gari nyuma kidogo, mlango uwe karibu na —