Mipaka Imeshawekwa

Jumatatu, 8 Septemba

Asubuhi yote mafuta ya upako. Kabla ya hapo, dawa inayoponya kisukari kwa wiki moja. Kabla ya hapo, mjane wa jenerali asiyekuwepo, anatafuta mtu mwaminifu wa kumtunzia mali. Nimezuia, nimezuia, nimezuia. Chai imepoa sijaigusa.

Kazi yangu nikimweleza mtu inasikika safi. Kampuni inawatumia wafanyabiashara barua pepe zao za matangazo, maelfu kwa mkupuo. Mashine inazisoma kwanza. Ikishuku barua, inaisimamisha na kuileta kwangu, chumbani hapa Mapinga, niamue: Ruhusu au Zuia. Wakaguzi tunaiita Chekeche. Inachekecha yenyewe, makapi tunakula sisi.

Leo imewasimamisha kina mama wa mwani wa Mlingotini. Kosa lao ni salamu. Wameanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, wakamjulia mpokeaji hali, wakaiombea familia yake afya na baraka, aya nzima, ndipo wakafika kwenye sabuni ya mwani. Matapeli nao huanza hivyo hivyo. Kwa hiyo Chekeche imejifunza kwamba adabu ni dalili ya wizi.

Nimewaruhusu. Kisha nimekaa nikikichukia kitu kisicho na uso.

Jumanne, 9 Septemba

Uchafu ule ule. Mama kaniuliza kwa nini sili. Nimesema tumbo.

Jumatano, 10 Septemba

Kampuni ya viwanja, ya Dar. Jina lake silitaki humu.

Chekeche iliisimamisha kwa sababu ya orodha. Wapokeaji wengi wapya kwa siku moja. Swali kwa mkaguzi ni hilo tu: je, watu hawa waliomba kuandikiwa? Wameleta ushahidi, kwamba walijiandikisha kwenye maonyesho. Anwani hai. Viungo safi. Sehemu ya kujiondoa ipo. Ilibaki kubonyeza Ruhusu.

Nikatazama picha.

Uwanja wa nyasi kavu, minazi nyuma. Kwenye nyasi mawe ya matumbawe yamesimama, mawili mawili, moja huku na jingine kule, safu kwa safu. Chini yake wameandika: Viwanja vimepimwa, mipaka imeshawekwa, njoo uchague chako. Jumamosi ya wiki ijayo wanawapeleka wateja kwa basi, bure.

Ile si mipaka. Jiwe moja ni la kichwani, jingine la miguuni. Ni makaburi. Tena ni ya kwetu, Mlingotini, upande wa bara wa kijiji. Wanawake wa kwetu hatuendi kuzika, lakini kila Shaaban, kabla ya mfungo, tunakwenda kufyeka. Nimekwenda tangu nikiwa sifai kwa lolote ila kubeba maji. Ile minazi naijua. Bibi amelala upande ambao picha haikufika.

Mpiga picha kaona mawe yamenyooka akafurahi.

Sijaamua. Nimeifunga nikaenda uani kutapika. Sisemi kwa mfano.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimemwonyesha Mama kwenye simu. Ameitazama muda mrefu. Kaikuza kwa vidole. Kisha kaweka kidole kwenye mawe mawili madogo, ya mbele kabisa.

"Huyu Zuhura," akasema. "Wa mjomba wako Seif. Hakufikisha siku arobaini."

Sikujua kama Mjomba aliwahi kuwa na Zuhura.

Kisha Mama kaniambia lililo baya zaidi. Tangu babu afariki, ardhi ile inatambulika kijijini kwa jina la Mjomba, kwa niaba ya wote. Hakuna mwingine awezaye kuitoa.

Kasali Adhuhuri akabaki kwenye msala hadi Alasiri.

Ijumaa, 12 Septemba

Mjomba kaja kula baada ya msikiti, kama kila Ijumaa. Kanzu imepigwa pasi mpaka inakata. Manukato yametangulia mlangoni. Kauliza kama kompyuta yangu bado haijanitolea mchumba.

Aliyemuuliza ni Mama. Hakupaza sauti. "Kaka, pale kwa wazee umepauza?"

Kamaliza tonge lililokuwa mkononi kwanza. Si kuuza, akasema, ni ubia. Mji unakuja, mtake msitake. Mapinga hapa si palikuwa mashamba? Na wale wa kampuni wameahidi kuwahamisha marehemu kwa heshima zote.

"Nani kawaona wakihamisha?" Mama kauliza.

Kaongeza kachumbari.

Nikasema, "Zuhura ndiye wa mbele kwenye tangazo lao."

Kanitazama kama nimetukana mkekani. "Kichanga kile. Hata hakikujua kama kimezaliwa. Na wewe usijitie ushekhe kwa kuwa unashinda na kompyuta."

Kisha, kabla ya kunawa, kaisifu pilau. Vidole viling'aa mafuta. Nimevitazama mpaka nikahisi mafuta yale kooni mwangu. Nimemchukia kwa mwili, si kwa akili. Akili bado ilikuwa inatafuta udhuru wa kumpa.

Jumamosi, 13 Septemba

Sababu za kuzuia hazitungwi, unachagua. Orodha ya kununua. Kiungo cha hila. Kujifanya mtu mwingine. Bidhaa haramu. Udanganyifu. Makaburi hayamo.

Rahisi ilikuwa ile ya kwanza. Ushahidi wao wa maonyesho ni picha za karatasi zenye sahihi. Nikisema orodha imenunuliwa, hakuna atakayehangaika kuhakiki. Barua inakufa papo hapo. Nimeweka kishale juu yake. Nimekiacha hapo huku nikisikia Mama anatwanga.

Nimekiondoa. Nikidanganya, nami nitakuwa nimetunga tangazo.

Nimechagua Udanganyifu. Nimeeleza: eneo si tupu, mawe si mipaka, kila jozi ni mtu. Nikabonyeza Zuia.

Mwishoni kuna swali ambalo kila mkaguzi hulijibu bila kulisoma: je, unamfahamu mteja au yeyote mwenye maslahi? Leo nimelisoma. Nimeandika ndiyo. Mwenye ardhi ni mjomba wangu, na waliozikwa ni wangu.

Nimelala mchana kama mgonjwa.

Jumatatu, 15 Septemba

Gladness kapiga simu. Ni msimamizi wetu, yuko ofisini Dar, kwao Moshi. Ni mtu mwema, na hilo ndilo linalonikera.

"Mdogo wangu, hiyo picha nimeiangalia na kuirudia. Mimi naona mawe. Kaburi halina saruji, halina msalaba, halina hata jina?"

Nikamwambia kwetu kaburi halijengewi. Jiwe kichwani, jiwe miguuni, basi. Anayepaswa kujua nani yuko wapi anajua.

"Nakuamini kabisa. Lakini sisi siyo baraza la ardhi. Halafu umeandika mwenyewe ni mjomba wako. Hapo umenifunga mikono."

Kanuni ni kwamba mkaguzi akimjua mteja, uamuzi wake unafutwa na barua inakwenda kwa mkaguzi mwingine. Lakini foleni imejaa, hakuna mwingine. Kwa hiyo imerudishwa kwa Chekeche. Chekeche ikatazama inachoweza kutazama. Orodha ina ushahidi. Hakuna malalamiko dhidi ya mteja. Lugha ni fupi, haina dua, haina salamu ndefu. Kijani.

Barua ilikwisha kutoka tukiwa bado tunazungumza. Gladness kasema pole.

Uongo wangu ungeizuia. Ukweli wangu ndio ulioipa njia. Nimeiandika sentensi hii ili niione. Inanuka.

Jumanne, 16 Septemba

Naweza kuona jinsi barua inavyopokewa. Najua sipaswi. Nafungua tena na tena, kama mtu anayebandua kigaga cha kidonda. Wanaifungua. Wanajiandikisha kwa ajili ya basi. Hakuna hata mmoja aliyelalamika, na kwa sababu hiyo Chekeche imempandisha mteja daraja. Kuanzia sasa barua zake hazitasimamishwa. Hazitapita tena mbele ya macho ya mtu.

Sina chombo kingine. Kitufe changu kimoja nimekwisha kukitumia.

Alhamisi, 18 Septemba

Mama kampigia dada yake, Mama Mkubwa Mwanaisha, kule Mlingotini. Kisha kayatoa mapanga ya kufyekea akayanoa. Jumamosi tunakwenda makaburini.

Nikamwambia hii si Shaaban.

"Nyasi zinajua Shaaban?" akasema.

Jumamosi, 20 Septemba

Mikono inaniuma, mwandiko utakuwa mbaya.

Tulifika mapema, wanawake wa ukoo, vijana wa kike na vizee. Tukafyeka. Tukafagia. Kila mmoja akawa na mtu wake. Mimi nilikuwa kwa Bibi. Vumbi puani, jasho, mbigili kwenye khanga. Hakuna aliyezungumzia viwanja. Walizungumzia bei ya vitunguu na mkwe wa mtu fulani.

Basi likaja. Wateja wakashuka na maji ya chupa, wamevaa vizuri, wengine na watoto. Kijana wa kampuni, fulana ya kijani, alikuja mbele yao akitabasamu.

"Kina mama, samahani, tunaomba mtupishe kidogo, tuna wageni hapa."

Mama Mkubwa hakusimama. Alikuwa amechuchumaa na fagio lake. "Wageni karibuni. Piteni tu. Ila vueni viatu, msije mkawakanyaga."

"Tusimkanyage nani, mama?"

Ndipo akaanza kuwatambulisha, kwa sauti ile ile ya kumtambulisha mtu harusini. Huyu baba yetu, alikuwa mkali lakini ana mikono ya kutoa. Huyu mkewe. Huyu kafa uzazini, na huyo pembeni ndiye mwanawe. Huyu alikuwa mchezaji ngoma, hakuoa. Alikuwa akigusa kila jiwe akimtaja. Alipofika kwenye yale madogo ya mbele alisema tu, "Na huyu mwenzenu wa kwenye picha."

Watu wakatazama chini. Nimeona mwanamke mmoja anamnyanyua mtoto wake na kumpakata, mtoto mkubwa wa kutembea.

Mzee mmoja mwenye balaghashia akavua viatu pale alipokuwa. Akawatolea salamu watu wa makaburini, taratibu, mpaka mwisho. Kisha akarudi kwenye basi peku, viatu mkononi. Wengine wakamfuata mmoja mmoja. Dada mmoja alibaki, mkoba kwapani, akimwangalia kijana wa kampuni.

"Kwa hiyo hiki ndicho kile cha kona ulichoniwekea mimi?"

Kijana alikuwa ametoka jasho. "Dada, mimi niliambiwa ni mipaka. Wallahi niliambiwa ni mipaka."

Nilimwamini. Nilikuwa nimemwandalia chuki kwa siku zote hizi, ikakosa pa kutua. Anatokea bara ya mbali. Ndiye aliyepiga picha, alisema mwenyewe.

Mjomba hakuonekana.

Jumatatu, 22 Septemba

Kampuni imeliondoa eneo kwenye tangazo lao. Kijijini wanasema kampuni imemrudishia Mjomba karatasi zake. Basi. Bila hata samahani.

Gladness kaandika, kwa upole wake. Wateja waliokuwa kwenye lile basi wamelalamika, sasa kila mtu ofisini ananiamini. Anaomba nitoe idhini ile picha itumike kuifundisha Chekeche. Mawe mawili mawili, kichwani na miguuni, yaitwe makaburi, ili siku nyingine isimamishe yenyewe.

Kinyaa kikanipanda upya. Zuhura awe mfano wa kufundishia mashine. Bibi zangu wachekechwe. Nikaandika hapana. Sikuituma.

Nikafikiri juu ya pwani yote kutoka hapa mpaka Saadani, makaburi yasiyo na saruji wala jina, na wapiga picha wanaopenda mawe yaliyonyooka. Na wakaguzi wasiojua, waliokaa mahali pa mbali wakila makapi yao.

Nimefuta, nimeandika ndiyo. Kinyaa hakikupungua. Sikutegemea kipungue.

Ijumaa, 26 Septemba

Mjomba hakuja kula.

Tulingoja kidogo. Kisha Mama kapakua sahani yake, minofu juu kama apendavyo, kaifunika kwa kawa, kanipa. Kasema sahani irudi. Sikubishana.

Alikuwa kibarazani kwake, na singlendi, bila kanzu. Amezeeka au ni mwanga wa mchana.

Shikamoo ikatoka yenyewe. Haikuniuliza.

Alichelewa kuitika. Akaitika.

Nikaweka sahani karibu naye. Hakunikaribisha ndani, na mimi nisingeingia. Nikakaa kwenye ngazi ya chini, nimempa mgongo, nikitazama barabara. Kuku wa jirani walipita. Kisha nikasikia kawa inafunuliwa, na baadaye, polepole, akila.

Nikangoja hadi akamaliza.