Chumba Nilichokiandikia "Hakuna"

Mpendwa dada Kadzo,

Usishtuke kuona mwandiko wangu. Hakuna aliyefariki tangu tumzike mama. Nimejaribu mara nyingi kukuambia haya ana kwa ana, na kila mara nimeishia kukuuliza habari za Mtwapa.

Unaikumbuka kazi yangu ya miaka ile ya themanini, ya kuwatafuta papasi, wadudu wa kwenye nyufa za sakafu wanaoleta homa. Tulipita nyumba kwa nyumba hapa Ganda, tukichota vumbi kwa kijiko, tukilichekecha na kulianika juani kwenye shuka nyeupe. Papasi hujifanya amekufa. Sharti umngoje mpaka atembee. Ulinicheka sana: "Umesoma kote huko uje kuchekecha vumbi?"

Usichokijua ni siku tulipofika kwetu. Mama alikuwa ndio kwanza amekandika sakafu ya chumba cha ndani, akikungoja wewe, maana mtoto wako wa kwanza ilikuwa lazima azaliwe nyumbani. Alisimama mlangoni, mikono imejaa udongo.

"Wataka kunitia aibu, mwanangu? Majirani waseme nyumba yangu ina papasi?"

Wenzangu walikuwa nyumba ya jirani. Sikuchota hata kijiko kimoja. Kwenye fomu nikaandika: hakuna.

Ukaja, ukalala chumba kile, kwenye mkeka mpya. Wiki mbili hazijaisha, homa ikakushika. Ikapoa, tukashukuru, ikarudi. Ukapewa dawa ya malaria, ikapoa, ikarudi tena. Sisi wengine hatukuumwa, miili yetu ilikwisha wazoea papasi. Nami nilikuwa nimefundishwa homa ya kwenda na kurudi inatokana na nini, dada. Ningesema neno moja tu pale zahanati wangekubadilishia dawa. Lakini ningesemaje, na fomu nilikwisha ijaza? Mtoto akaja kabla ya wakati wake, akaishi siku moja.

Majirani wakasema ni safari ya kutoka Mtwapa iliyomtikisa. Siku ya kuondoka ukanishika mkono: "Kwani nilikosea kusafiri?" Nikakuambia gari litakuacha.

Ulipokwenda nilichukua kijiko na shuka, nikachota vumbi la ufa uliofunguka tena chini ya mkeka wako. Nikakaa juani nikangoja. Mmoja akatembea, kisha mwingine, kisha wengi. Nikawachoma moto, nikaikung'uta shuka.

Mama hakujua kamwe, na sitaki umlaumu. Yeye aliona haya tu, mimi nilijua. Naona aibu hata kukuandikia, na ukiamua kutonitazama tena sitakulalamikia.

Lakini nasikia binti yako sasa ana mimba, na umemkataza kutoka hata kwenda sokoni. Mwache atembee, dada. Safari yako haikumuua mtoto.

Mdogo wako, niliyeijaza ile fomu