Njia Niliyoonyeshwa

Jumamosi usiku, bomani Morogoro

Basi Mungu ameniongoza, na hapa ndipo nilipofika: banda la wapagazi, mguu wangu umefungwa kamba moja na mguu wa mtu anayekoroma. Naandika kwa mwanga wa moto wa askari. Kesho tunabebeshwa mizigo ya Wadachi hadi Kilosa.

Asubuhi pale njia panda nilifumba macho, rozari mkononi, nikaomba nionyeshwe: nipite juu mlimani au bondeni? Bibi mmoja akatokea bondeni na tenga la ndizi kichwani.

“Hujambo, mwalimu?”

Sikuitika. Akarudia. Nikanyamaza vilevile, maana mwalimu wa dini hakatizi sala kwa ajili ya ndizi. Bibi akaguna, akaenda zake. Moyo ukaniambia: bondeni.

Askari walikuwa wamekaa mtoni, wananingoja kama wageni wa arusi.

Jioni mke wangu kaniletea ugali. Nikamuuliza habari za kaka yake, Lukas, aliyekuwa akija nyuma yangu.

“Yuko nyumbani. Alimwamkia bibi mmoja mwenye tenga la ndizi, akaambiwa bondeni wanakamata watu.”

“Alimwamkia tu?”

“Shikamoo tu, baba Yosefu.”

Naogopa. Wapo waliokwenda Kilosa wasirudi, na maharage yetu hayajapaliliwa.

Sasa wenzangu wamejua kuwa mimi ni mwalimu, wanataka niwaongoze katika sala. Nimekubali. Ila nimewaambia kwanza tusalimiane.