Baba Mwanaisha, Njia Uliyotupangia

Baba Mwanaisha,

Nimetoka Arusha juzi. Nimefika kaburini kwako, nimekaa, na yale niliyokwenda kukwambia hayakunitoka mdomoni. Kaka Sudi alikuwa amesimama nyuma yangu, na wale watu wa msikiti waliotuonyesha njia walikuwa karibu wakisubiri. Basi nayaandika. Wewe ndiye uliyenifundisha herufi hizi, na sina mwengine wa kumwandikia.

Nianze na habari za nyumbani. Mamako yu hai, ila macho yamepungua, na ngazi hapandi tena mpaka ashikwe mkono. Mwanaisha ametimiza miaka sita, meno mawili ya mbele yamemtoka, na asubuhi huenda chuoni kusoma Kurani kwa mwalimu pale Kibokoni. Chumba chetu cha juu nimekihama, nalala chini kwa mamako. Wenzako wa bandarini walituletea vitu vyako ndani ya sanduku la chai: kofia, kikombe, na lile shati la kubadilisha. Shati lilikuwa halijafuliwa. Mamako hakukubali lifuliwe.

Wakumbuka ulivyoipanga safari ile. Miaka yote ya vita hukupewa likizo, meli zaingia na wewe uko bandarini Kilindini na daftari lako. Vita vilipokwisha ukaja na habari ya mwezi mzima wa mapumziko, na wewe mtu wa maneno machache ukageuka kuwa mtu mwengine. Ukenda stesheni ukanakili saa za treni zote. Ukaazima ramani kwa mwalimu wa skuli, ukaitandaza mkekani ukaikandamiza pembe zake kwa vikombe vya kahawa, ukapima njia kwa uzi wangu wa kushonea. Mombasa mpaka Voi kwa gari la moshi. Voi tubadilishe, tuingie treni ya Moshi, tukae siku mbili tuuone mlima. Moshi mpaka Arusha kwa treni tena, siku tatu kwa Rukia, rafiki yangu niliyekua naye hapa Kuze kabla hajaolewa huko na muuza nguo. Kisha ukaweka kidole pale ambapo mstari wa reli umekwisha, ukatabasamu. Ukasema kutoka Arusha mpaka Nairobi hakuna treni, kwa hiyo tutakodi motokaa kama watu wakubwa. Nairobi siku nne, moja ya kwenda kuona ziwa Naivasha, halafu treni ya kuturudisha nyumbani.

Mamako alikuuliza, "Watu hwenda Makka, watu hwenda Lamu. Arusha kuna nini?"

Ukamjibu kwamba hujui, na ndiyo sababu waenda.

Nataka ujue kwamba nilifurahi. Baada ya yote yaliyotokea mtu aweza kudhani nilikwenda kwa kuburutwa. Nilifurahi ulipokataa kufunga dirisha la treni na masizi yakakuingia macho yote mawili, ukala mkate wa kumimina huku unalia machozi na Mwanaisha anakucheka. Nilifurahi Moshi asubuhi ile mawingu yalipotoka na mlima ukawa pale mweupe, na wewe ukanyamaza kimya mpaka nikadhani umeugua. Sijawahi kukuona ukitazama kitu vile.

Sasa nayasema yale mengine.

Siku ya kuondoka Arusha ulitaka tutoke alfajiri. Motokaa ulikuwa umeikodi tangu jana yake, pamoja na dereva wake, Elia, kijana wa Kimeru aliyekuwa ameoa mwaka ule ule. Alikuja mapema, akaikung'uta vumbi, akafunga mizigo yetu kwa kamba. Alikwambia kwamba mvua zimeanza milimani na yapo makorongo mawili matatu njiani ambayo asubuhi huwa makavu na jioni huwa mito. Nilimsikia. Nilikuwa mlangoni na buibui langu mkononi. Lakini Rukia alikuwa ameinjika pilau kwa ajili yetu, tangu usiku wa kuamkia siku ile alikuwa akihangaika nayo, na kabla ya siku zile tatu nilikuwa sijamwona kwa miaka minane. Nikakwambia tule kwanza ndipo twende. Ukaitazama saa yako, ukanitazama mimi, ukavua viatu ukarudi ndani.

Tukatoka baada ya adhuhuri.

Tulipofika kwenye korongo lile maji yalikuwa yakipita, mekundu, yana povu, lakini hayakuwa mapana. Elia alisimamisha motokaa mbali kidogo, akashuka, akavunja tawi la mti akaenda kupima ukingoni. Akarudi, akasema, "Mimi sivuki, bwana. Tungoje yapungue, ama turudi Arusha."

Wewe ukasema turudi.

Ulisema hivyo, Baba Mwanaisha. Neno moja, bila hasira, na mkono wako ulikuwa tayari kwenye mlango ili uingie. Mimi ndiye niliyeanza. Nilikuwa nimechoka na kutikiswa, mtoto alikuwa na homa kidogo, na nilikuwa nikiwaza vyumba ulivyotuandikia Nairobi na treni ya siku ile na siku ile, mambo yote uliyoyapanga kwa mwaka mzima yakivurugika kwa sababu ya pilau yangu. Sikutaka iwe kwa sababu yangu. Basi nikamsemea Elia, si wewe, lakini nilijua wewe wasikia. Nikasema, "Mwanamume mzima waogopa maji ya magotini?"

Elia aliyatazama maji. Wewe ulinitazama. Mpaka leo silijui jina la mtazamo ule. Kisha ukamwambia, "Basi tujaribu, polepole." Akakataa tena. Ukamwambia kwamba wewe ndiye uliyekodi na lolote litakalotokea ni juu yako. Hapo akasema atavuka lakini mimi na mtoto tushuke, tubaki ukingoni, na gari likifika ng'ambo atarudi kutubeba mmoja mmoja mgongoni. Wewe ukakaa pembeni yake ili asiwe peke yake.

Likafika katikati. Injini ikanyamaza. Maji yakaja kwa kishindo kutoka juu, yana magogo, na yale ya kwanza yalikuwa si kitu. Gari likainama upande. Nilimwona Elia akitokea dirishani, akasimama juu ya gari, akainama akakushika mkono. Nilimwona. Kichwa chako kilitoka na bega moja. Kisha gari likapinduka lote na wewe ukiwa nusu ndani yake, na mkono wako ukatoka mkononi mwake. Naye akaruka nyuma yako. Alitupwa nje chini huko, kwenye bonde, uso wote damu.

Mwanaisha alikuwa amejifunika buibui langu. Hakuona kitu. Mimi niliona yote.

Siku ya pili walikupata. Watu wa msikiti wa Arusha walikuosha na kukuzika, Mungu awalipe, mimi nimesharudishwa kwa Rukia sijui kama ni mchana au usiku. Na kabla sijapandishwa treni ya kurudi, akaja askari na karani wake. Akaniuliza nani aliyetoa amri ya kuvuka.

Niliyatazama matofali ya sakafu. Nikasema, "Dereva ndiye mwenye gari."

Karani akaandika. Hakuniuliza zaidi, alinihurumia. Na neno lenyewe si uongo, waona? Dereva ndiye mwenye gari. Nililirudia moyoni kutoka Arusha mpaka Voi, na kutoka Voi mpaka tulipovuka maji ya Makupa na kuingia kisiwani, kwamba si uongo.

Nikaingia eda kwa mamako. Miezi minne na siku kumi ndani ya chumba kimoja. Wanawake walikuja wakakaa nami, na kila aliyekuja alimlaani dereva. Mamako alikuwa akisema, "Mwanangu ameuawa na mtu asiyejua kazi yake." Nami nikiitikia kwa kichwa. Nilikuwa bado katika eda ilipokuja barua ya Rukia. Alisema Elia amehukumiwa, amefungwa miaka miwili kwa uzembe, na kwamba mkewe amejifungua na amerudi kwao. Alidhani atanifariji.

Nikaiweka chini ya mto. Nilikuwa najiambia kwamba mwanamke wa eda hatoki. Eda ikaisha, nikaoga, nikavaa nguo nyengine, na sikutoka. Ukapita mwezi, ukapita wa pili. Nilikuwa nikiamka nasikia sauti yangu mwenyewe ikisema yale maneno ya magotini.

Siku moja mamako alikuwa akiswali dhuha. Alipomaliza aliinua mikono akakuombea, kisha akamwombea Elia mabaya. Nilikuwa mlangoni na sinia la chai. Nikaliweka chini nikakaa mbele yake, nikamwambia yote. Pilau. Neno lako la kurudi. Neno langu. Neno nililomwambia askari.

Hakulia. Aliiweka tasbihi mapajani. Akasema, "Na mtoto wa mwenzangu yuko ndani mpaka leo?"

Nikasema, ndiyo.

"Nenda ukaseme. Mimi siwezi kukusamehe leo, usiniombe. Lakini nenda ukaseme."

Ndipo nikamwita Kaka Sudi anipeleke kwa Bwana DC, mkuu wa wilaya. Kaka alisita, ndugu yangu ananipenda, alisema nitajitia aibu mjini na pengine nitafungwa mimi. Nilimwambia nimeshafungwa. Tukaenda. Mkalimani aliniuliza mara tatu kama najua ninalolisema. Maneno yangu yakaandikwa, yakapelekwa Tanganyika, na tukangoja mpaka nikadhani yamepotea. Kisha nikaitwa nikasimame Arusha mbele ya hakimu.

Nilipita njia yako, Baba Mwanaisha. Treni ile ile, Voi tukabadilisha, Moshi tukapita na mlima ulikuwa umefunikwa. Nilikaa mbali na dirisha. Rukia alinipokea.

Nilishika Msahafu nikasema. Hakimu aliuliza kwa nini sikusema siku ya kwanza. Nilikuwa nimetayarisha majibu mengi, yakanikimbia, nikasema niliona haya. Akaandika hilo. Siku ya tatu wakamfungulia Elia. Amekaa ndani miezi kumi. Hiyo hakuna wa kumrudishia.

Alitoka kwa mlango wa nyuma, amenyolewa, miguu mitupu, shingo imekuwa nyembamba kama ya mzee. Kaka Sudi alitaka tuondoke upesi kwa kuogopa atanitukana. Nilibaki. Nikamwambia, "Elia, nisamehe." Alitazama kando. Nikadhani ndiyo majibu yangu, na ni haki yake.

Kisha akanyoosha mkono wake wa kulia akautazama. Akasema, "Nilimshika hapa, mama, kwenye kifundo. Nilidhani nimemshika vizuri. Nilipofungwa nikasema, sawa, ni kwa sababu nilimwachia."

Miezi kumi, Baba Mwanaisha. Mimi nilidhani nimemnyima uhuru tu. Hakujua kama alikuachia au ulivutwa. Chini ya maji yale mekundu hakuweza kujua, na mtu wa pekee aliyeona alikuwa Mombasa chini ya shuka akinyamaza.

Nikamwambia, "Nilikuwa ukingoni, niliona. Hukumwachia. Gari lilipinduka likamvuta. Hata watu wawili wasingemshika."

Akaniuliza, "Uliona kwa macho yako?"

Nikamwambia niliona kwa macho yangu.

Akaketi pale pale kwenye mawe, akaweka uso wake magotini, mabega yakawa yanatikisika bila sauti. Nilisimama karibu yake mpaka mkewe akaja na mtoto mgongoni. Mwanamke yule alinitazama mara moja tu. Sikumwomba msamaha, kwa kuwa nilijua hana wa kunipa.

Kutoka hapo ndipo nilipokuja kwako. Umewekewa jiwe dogo, na mtu amepanda majani ya kijani miguuni. Kaka alisema tukitaka kwenda Nairobi ipo motokaa ya kukodi asubuhi, tutapata treni ya haraka zaidi. Nikamwambia turudi tulikotoka. Nairobi sijaiona, wala ziwa lile, na sitaziona.

Mamako alinipokea mlangoni kwa kupapasa ukuta. Aliuliza, ametoka? Nikasema ametoka. Akasema, "Alhamdulillahi," akaniachia nafasi nipite. Hajasema zaidi, nami sijamuuliza. Jioni alinipa kikombe cha chai kwa mkono wake, mara ya kwanza tangu siku ile ya sinia. Ndivyo tulivyo.

Nimebakiwa na mtu mmoja wa kumwambia. Mwanaisha huuliza kuhusu wewe, na watu mjini humjibu ovyo: kwamba babake alikuwa shujaa, kwamba babake alikuwa hana akili aliingia mtoni. Akipata umri wa kuelewa nitamkalisha mimi mwenyewe, kabla hajaambiwa na mtu mwengine, hata kama atanichukia. Nitamwambia ulikuwa mtu aliyepima njia kwa uzi ili familia yake isichoke. Nitamwambia maji yalipokuja ulisema turudi, na aliyesema tuvuke ni mamake.

Hilo nakuahidi. Lala pema, mume wangu, Mungu akupanulie kaburi lako.

Ni mimi,
Mama Mwanaisha
Kuze, Mombasa