Ukuta Haujaegama, Mama Somoe

Mama Somoe wangu,

Huko uliko sidhani kama redio inashika, kwa hiyo nianze na habari. Mikorosho ya kule Mnyambe imetoa maua, na bado wapo wanaosema hayakutoka vizuri kwa sababu dunia imeinama. Nimeacha kubishana nao. Ubishi wangu wa mwisho nilikushinda wewe, na unajua ulivyoisha.

Unakumbuka kipindi kile? Wewe ulikuwa barazani unatwanga kisamvu, mimi nakwangua saruji iliyokauka kwenye mwiko. Mtangazaji akasema matetemeko makubwa ya ardhi, kama lile la Japani, hubadilisha mzunguko wa dunia. Nikakuomba usimamishe mchi nisikie. Ukausimamisha, ukanitazama kama unavyomtazama mgonjwa. Ulinijua. Fundi mwashi wa darasa la saba, lakini gazeti lililofungiwa vitumbua lazima nilisome kabla mafuta hayajalimaliza.

Wiki nzima nikawa mwalimu wa Newala nzima, bila mshahara na bila kuombwa. Bombani, msikitini, kwenye msingi wa nyumba ya watu ninaowajengea, kote nilieleza. Tetemeko likisukuma miamba ya chini ikajipanga karibu zaidi na kati, dunia huzunguka haraka kidogo. Nilimtolea mfano Somoe alipokuwa mdogo, akizunguka uani mikono imetanuka, akiikunja kifuani anakwenda mbio mpaka anaanguka. Kwa hiyo siku hupungua. Lile la Japani, wataalamu walikadiria, lilipunguza siku kwa chini ya sehemu mbili za milioni ya sekunde.

"Kumbe," ukasema. "Ndiyo maana leo sijamaliza kufua."

Na ule mstari ambao uzito wa dunia umejipanga kuuzunguka ulisogea kama sentimita kumi na saba, sawa na kiganja chako toka kifundo mpaka ncha ya kidole. Nilikupima, ukacheka. Watu wakasikia "mstari umesogea", wakaondoka na "dunia imeinama". Nikawa nawafuata mpaka majumbani kuwasahihisha. Ule mwinamo unaotupa masika na kiangazi haukuguswa. Upepo na mikondo ya bahari huyumbisha mzunguko wa dunia zaidi ya hapo kila mwaka, na hakuna aliyewahi kushika ukuta asianguke.

Asubuhi moja ukashika ukuta.

"Baba Somoe, ukuta wa chumbani umeegama."

"Umeegama wapi?"

"Kushoto. Unanijia."

"Ukuta niliojenga mimi?"

"Kwani hapa kuna fundi mwingine?"

Nikasema umesikiliza redio kupita kiasi. Ukajibu, "Redio haijanimwagia ndoo." Kweli, ulitoka bombani bega la kushoto limelowa, na si siku hiyo tu. Niliona. Mimi macho yangu yanaona kila kitu, hilo hata adui yangu hakatai. Niliona bega, niliona sufuria limekuponyoka mara mbili, nikaona na kandambili ya kushoto inavyoburuzwa. Nikayakusanya yote, nikayapa maelezo: mke wangu ameingiwa na hofu ya tetemeko, na hofu huondolewa kwa elimu.

Basi nikafanya anachofanya fundi akiambiwa ukuta wake umepinda. Nikachukua timazi, nikaning'iniza uzi toka kwenye kenchi ya paa, kile chuma cha mwisho wa uzi kikatulia sentimita chache toka sakafuni. Nikaita majirani washuhudie, maana jina langu lilikuwa limeguswa. Nikakuvuta karibu.

"Angalia uzi na ukuta. Unaona?"

"Naona nyuzi mbili."

"Basi zote mbili zimenyooka!"

Watu walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Na wewe ulicheka, Mama Somoe. Ulicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Nikadhani unanibeza.

Ile hadithi ya nyuzi mbili niliibeba siku mbili nzima. Nikaisimulia Masasi nilipofuata bati, nikaisimulia kwenye gari wakati wa kurudi. Siku ya tatu ukaanguka jikoni, na maneno yako yakatoka kama ya mtu aliyejaza uji mdomoni. Tulikodi gari tukateremka mpaka hospitali ya Ndanda. Walikupokea mbio, walifanya kila waliloweza. Daktari, binti mdogo tu, akanivuta pembeni.

"Shikamoo baba. Hiki ni kiharusi. Mara nyingine hubisha hodi kwanza. Kabla ya leo hakulalamika chochote? Kizunguzungu, mkono kulegea, kuona vitu viwili viwili?"

Ningesema "siku tatu". Ni maneno mawili. Lakini nyuma yangu walisimama ndugu zako, wote walikuwa wamekwisha kuicheka ile hadithi, na mimi ndiye niliyewachekesha.

"Hapana, mwanangu. Ameanguka leo tu."

Akaandika.

Mazishini mtani wetu wa Nanganga alifanya kazi yake ya utani. Aliingia chumbani, akatoka na timazi yangu, akaining'iniza juu ya kaburi lako. "Fundi, njoo upime! Mwenye nyumba asije akalalamika tena!" Watu wakacheka, ndivyo desturi inavyotaka, aliyefiwa achekeshwe asizame. Nikacheka nami. Sijui kama nimewahi kufanya jambo gumu kuliko lile.

Baadaye nilisoma zaidi, kama kawaida yangu, nikakuta kwamba hata ile elimu niliyokupigia kelele sikuijua. Dunia ingeegama kweli, timazi isingeonyesha, maana yenyewe hufuata mvuto wa dunia hiyo hiyo. Kwa hiyo siku ile sikuthibitisha chochote. Nilithibitisha tu kwamba ukuta ni mzima.

Somoe alifika siku ya pili ya matanga, toka mkoa wa mbali anakofundisha. Alinishika mikono yote miwili. "Baba, mama aliumwa kabla?" Nikamwambia, ghafla tu, mwanangu. Akasema, "Basi afadhali hakuteseka." Mwaka mzima amekuwa akiishi na sentensi hiyo. Humwambia kila anayempa pole. Kila akiisema, ananitazama nimsaidie kuikamilisha, nami naikamilisha.

Kweli yenyewe mdomoni haikutoka, ndiyo maana nimeandika. Nakala ya kurasa hizi mpaka hapo juu nilimpa wiki iliyopita alipokuja kwenye hitma yako. Nilimwambia asome akifika kwake, na akiona sawa, barua itoke hadharani, wengine wenye wake wanaoona nyuzi mbili waisome.

Leo ni siku ya sita. Simu yake inaita mpaka inakata. Juzi alituma ujumbe mmoja: "Nani mwingine alijua?" Nikamjibu: "Mimi tu." Alama inaonyesha amesoma.

Sikuombi msamaha. Uliyekuwa na haki ya kunisamehe huwezi kujibu, na aliyebaki naye hajibu. Pumzika, mke wangu. Kesho nina msingi wa kuchimba, na mwenye nyumba ameshauliza kama timazi yangu ni nzima.

Mumeo,
Baba Somoe, kama bado naitwa hivyo.