Mzee Nandope Asimame Hadi Barua Iishe

Shamba la majaribio, Nachingwea

Mama yangu mzazi,

Shikamoo, mama. Kwa heshima zote nakujulia hali, nami huku ni mzima. Kile kifua kilichonisumbua wakati wa baridi kimetulia. Niambie magoti yako yanaendeleaje, na kama ile dawa ya kuchua niliyompa mchuuzi wa ufuta ilikufikia. Niambie pia kama mdogo wangu Somoe amejifungua salama, na kama ni wa kiume au wa kike, maana habari za huko hunifikia nusu nusu.

Kabla shemeji Bakari hajaendelea kusoma, nina ombi moja. Aliyeleta barua hii mnamjua. Ni Mzee Nandope wa ng'ambo ya bonde. Msimpe kiti. Maji mpeni, kwa sababu ametembea siku mbili na mtu hanyimwi maji, lakini ayanywe amesimama, na asimame hivyo hivyo mpaka neno la mwisho. Shemeji, soma kwa sauti. Kama majirani wamekusanyika uani, waache. Kama hawajakusanyika, waiteni. Mjomba Saidi asikose, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa wa ukoo wetu na mipaka ya ardhi yetu anaijua yeye.

Mama, habari za moto ule unazijua kuliko mimi. Naziandika ili wazisikie wale waliojifanya wamesahau. Baba alilima kutoka mlimani mpaka bondeni, na hakuchoma shamba hata siku moja. Mabua aliyalaza chini yaoze. Matuta aliyapitisha kukata mteremko. Katikati ya muhogo alipanda mbaazi, na upande wa juu mikorosho ambayo mwaka ule ndiyo ilikuwa imeanza kuzaa. Watu walimcheka. "Shamba la Athumani chafu kama kichaka cha ndezi," walisema, lakini njaa ilipobisha walikuja kwake na vikapu. Kila kiangazi alilima ukanda mtupu kuzunguka shamba lote, kwa kuwaogopa wanaochoma pori ili ndezi watoke wawapige rungu. Mwaka ule mguu ulimvimba. Upande wa mlimani ulikuwa bado.

Moto ulikuja upande huo, jua likiwa utosini. Baba alikimbilia kwenye kihenge kuokoa mbegu. Mimi nilimshika shati kwa nyuma. Likachanika, nikabaki na kipande mkononi. Alitoka na kikapu cha mbegu kifuani na moto mgongoni. Siku tatu alizolala kabla ya kufa ulizihesabu wewe uliyekuwa ukimpepea.

Kwenye baraza, yule jumbe wa wakati ule, aliyemwoa dada yake Nandope, alisema moto ni wa warina asali waliopita njia. Nandope akala yamini kwamba siku ile hakuwako, ingawa mwindaji wa ndezi wa mlima ule alikuwa yeye. Hata mvua hazijaanza, akaingia bondeni kwetu na jembe lake, akisema ardhi imeachwa. Ardhi imeachwa! Na wewe ulikuwa ndani, umekaa eda.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Niliondoka bila kukuaga vizuri, nawe hukunilaumu. Sasa nakuambia kwa nini niliondoka. Kama ningebaki ningemuua Nandope.

Huku Nachingwea nilifika wakati Wazungu wa karanga wakiingia kwa kishindo. Niliona katapila mbili zikikokota mnyororo na msitu mzima ukilala chini kama mtama uliokatwa. Nilisema moyoni, watu hawa wana nguvu. Kisha mvua ikapiga udongo ule uliovuliwa nguo, jua likauchoma, ukawa sakafu. Jembe lilidunda. Karanga zilizozaa zilikwama ardhini, hatukuweza kuzing'oa. Mwisho wake unaujua: wengi walirudishwa makwao, na matrekta mengine yameota majani mpaka leo. Mimi nilibakizwa katika shamba la majaribio. Bwana shamba alitufundisha kupitisha matuta kukata mteremko, kufunika udongo kwa majani, kuchanganya mazao. Nikamwambia, "Bwana, baba yangu alifanya haya yote." Akauliza, "Yuko wapi, aje atusaidie?" Nikamwambia ameuawa. Baadaye alinipa unyapara, watu ishirini chini yangu.

Mwaka huu, baridi ilipoanza kupungua, walipanga mstari watu wanaotafuta kazi. Wa nne kutoka mwisho alikuwa Nandope. Nilimjua kwa sikio lake lililochanika. Alikuwa amekonda, mvi kichwani, magoti yametokeza. Yeye hakunijua, aliniacha kijana mwembamba, na sasa nina ndevu.

Bwana shamba alinong'ona, "Mzee huyu ataweza kweli?"

Nikasema, "Ataweza sana."

Nikampa visiki. Mama, kazi ya visiki ni kuchimba mizizi iliyobaki chini ya udongo ule mgumu, kwa sururu, juani. Wenzake niliwabadilisha kila baada ya siku tatu. Yeye sikumbadilisha. Siku moja alinijia amevua kofia, mikono imechubuka. "Nyapara, nisaidie, hata wiki moja tu nikachambue mbegu kivulini." Nikamwambia, "Rudi kwenye kisiki chako." Sitakuficha, chakula cha siku hiyo kilikuwa kitamu.

Nilimsikia akiwaeleza wenzake kilichomtoa nyumbani. Alipata bonde, akasema, bonde zuri lenye chemchemi. Alikata miti ya kwenye chemchemi, akafyeka matete, akachoma kila mwaka. Misimu miwili mahindi yalimpita kichwa. Wa tatu yakamfika kiunoni. Sasa chemchemi imekauka na bonde ni mchanga mtupu. Nilicheka mbele yake. Alidhani nacheka jambo lingine.

Sasa sikilizeni lililotokea, na Nandope akanushe kama ninaongeza neno.

Majuma matatu yaliyopita, mchana, moto ulitoka porini ukaja na upepo kuelekea shamba la majaribio. Watu wangu walikata matawi, wakaukimbilia kuupiga. Nandope akapaza sauti ambayo sikujua kama bado anayo. "Acheni matawi! Mtakufa! Limeni hapa, mstari mmoja, upesi!" Tulilima. Sisi tukilima, yeye alichota vumbi akalimwaga, akatazama linakoelekea. Akangoja. Moto unavuma, watu wanataka kukimbia, yeye anangoja tu. Kisha, vumbi lilipogeuka kuelekea motoni, akawasha majani ng'ambo ya mstari. Moto wetu ukatambaa ukaenda kukutana na ule mkubwa, ikakumbatiana miwili, ikafa. Mazao hayakuungua hata jani.

Bwana shamba alimpa mkono. Vijana walimpigia makofi. Mimi nilisimama nimeshika jembe.

"Mzee," nikamuuliza, "haya umejifunza wapi?"

"Kwetu Matambarale, mwanangu. Nimewinda ndezi kwa moto tangu ujana wangu. Moto nausoma kama ninyi mnavyosoma barua."

"Na ule uliomuua Athumani, uliusomaje?"

Alinitazama ndevu, akanitazama macho. "Wewe ni nani?"

"Mimi ni Hamisi. Niliyebaki na kipande cha shati."

Aliketi kwenye majivu yenye moto, wala hakuhisi. Akasema yote, mbele ya watu, bila kupigwa. Moto aliuwasha yeye. Upepo uligeuka. Alikuwa juu ya jiwe mlimani akimwona baba akikimbilia kihengeni na mguu wake mbovu. "Ningeshuka kuzima, wangejua nimewasha mimi. Nikasema, labda atatoka."

"Ulikuwa mbali kiasi gani?"

Akaonyesha trekta bovu. "Kama pale."

Mama, trekta lile lilikuwa karibu. Herufi zilizoandikwa ubavuni mwake nilikuwa nazisoma. Miaka yote hii nilidhani ni mtu aliyewasha moto ukamshinda, na kwa hilo tu nilimchukia. Kumbe haukumshinda. Alijua la kufanya, muda wa kulifanya alikuwa nao, akaketi juu ya jiwe.

Nililiinua jembe. Lingeshuka, wallahi lingeshuka. Aliyenidaka mkono ni Yohana, Mkristo wa Chiola, mtu wa maneno machache. Akaniambia, "Nyapara, ukimpiga atakufa leo apumzike, na wewe utafungwa. Unataka apumzike?"

Hapana. Sikutaka apumzike.

Kesho yake nilimsimamisha mbele ya watu wangu wote, akarudia maneno yale, karani akayaandika, Nandope akaweka dole gumba, Yohana na wenzake wawili wakaweka yao. Karatasi ninayo mimi. Kisha nikampa njia mbili: twende na karatasi kwa mkuu wa wilaya, au arudi Matambarale na barua hii afanye nitakayoyaagiza. Alichagua barua. Sasa asikie alichochagua, kwa maana sikumsomea.

Nandope, bonde linarudi kwetu leo. Utaandamana na Mjomba Saidi, atakuonyesha mpaka, na wewe utautamka mbele ya watu. Upande wa mlimani, ule ambao baba hakuuwahi, utalima ukanda mtupu wa hatua nne, halafu utauzungusha shamba zima. Peke yako. Wanao wasishike jembe. Mvua zisikukute hujamaliza.

Katika gunia ulilobeba kuna korosho za mbegu na mbaazi. Utachimba mashimo pale mikorosho ya baba iliposimama, visiki vyake bado vipo, wewe ni fundi wa visiki sasa. Mashimo utayajaza majani makavu na samadi kabla ya kupanda. Miche utainywesha viangazi viwili, na maji utayatoa mtoni kwa kichwa, kwa sababu chemchemi iliyokuwa karibu umeikausha mwenyewe. Kuizunguka utapanda miti, na pale kisiingie jembe wala panga wala moto. Maji yakirudi yatakuwa ya kijiji kizima. Yasiporudi, utaendelea kubeba.

Na kila kiangazi, kabla majani hayajakauka, utapita na shemeji Bakari nyumba kwa nyumba, Matambarale yote, ukiwafundisha watu kulima ukanda wa kuzuia moto na kuusoma upepo kama ulivyotufundisha sisi. Maarifa hayo ni mazuri, sitaki yafe nawe. Lakini kila nyumba utaanza kwa kusema haya: "Nilijua hivi siku Athumani alipoungua, na nilikaa nikatazama." Kila nyumba. Kila mwaka. Waambie na watoto, wakue wanakujua. Siku utakayoruka nyumba moja, Bakari ataniarifu, na karatasi itaondoka hapa.

Mama, najua utakunja uso. Utasema mzee huyu ana magoti kama yako, na mkewe hakumkosea mtu. Mkewe nimemfikiria. Alime shamba lao, na akipungukiwa mbegu mpeni katika zile za gunia. Kisasi changu hakimhusu. Usiku ule wa maziko alikuletea uji, sijasahau. Lakini kwa huyu aliyesimama hapo usinitumie mtu wa kuniombea.

Utaniuliza pia kama moyo wangu umepoa. Nilidhani utapoa. Nilipoona dole lake limekauka kwenye karatasi nilingoja kitu kifunguke kifuani, hakikufunguka. Nilirudi kibandani nikakaa kitandani nimevaa viatu mpaka Yohana akaja kuniita kula. Basi. Nafanya haya si kwa sababu yananiponya. Nafanya kwa sababu ni haki, na kwa sababu shamba la baba litasimama tena, na atakayelisimamisha ni yule aliyeliona likianguka.

Nisalimie Mjomba Saidi, mwambie mpwa wake hajalegea. Nisalimie Somoe na kichanga chake, na shemeji Bakari namshukuru kwa sauti aliyoitumia leo. Msalimie bibi mkunga aliyetupokea mimi na Somoe tulipozaliwa, na mwalimu wa chuo cha Kurani aliyemsomea baba sura ya Yasini wakati watu wengine waliogopa kuja. Yule jumbe wa zamani, kama bado yuko hai, salamu zangu asipewe.

Mwezi ujao mkataba wangu unakwisha, na kabla ya kuandika mwingine nitaomba likizo nije. Nikifika nitaanzia mlimani kabla ya kuingia nyumbani, unisamehe kwa hilo.

Na jambo la mwisho. Aliyekufa alikuwa baba yangu, lakini kwako alikuwa mume, na haki yako imeizidi yangu. Siku moja, korosho zikiwa zimeshika mizizi, ukitaka kumwambia Nandope aketi, mwambie. Sitakuuliza. Kwangu mimi hajaketi, wala hataketi.

Mwanao akupendaye,
Hamisi Athumani