Ramani ya Maharage ya Mollo

Mollo, Sumbawanga
Jumatano, mchana

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Na mama umpe shikamoo yake kabla hajaanza kulalamika kwamba barua zangu zote ni za kwako. Goti linaendeleaje na baridi hii? Mara ya mwisho kwenye simu ulisema limepona, lakini nilimsikia mama nyuma yako akicheka, kwa hiyo sijui nimwamini nani. Na ile migomba ya nyuma ya jiko imesimama, au upepo umeilaza tena? Mimi mwili ni mzima. Kikohozi cha mwezi wa tano kimeisha, nakula vizuri. Huku ni upepo tu, na vumbi linaingia mpaka kwenye kopo la chumvi.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu ipo. Sitaki maneno haya yakae kwenye simu ya mtu yeyote, ya kwangu wala ya kwako. Mwalimu Neema wa shule ya hapa anashuka mjini leo saa kumi, atalala Majengo kwa dada yake, kesho alfajiri anapanda basi la Mbeya, aendelee mpaka huko kwako. Atakukabidhi mkononi. Isome mwenyewe kwanza, kisha umsomee mama zile sehemu unazoona zinamfaa.

Unakumbuka nilipopangiwa kazi ya ubibi shamba huku, ndugu zetu wote wa Tukuyu walivyonililia kama maiti. Eti Sumbawanga nitapigwa radi mchana kweupe. Mwaka wa tatu huu, sijapigwa hata na mlango. Aliyenipokea ni Mama Sabina, mwenye nyumba wangu, mjane, ambaye nimekusimulia habari zake mara nyingi. Ndiye aliyeniogesha nilipougua taifodi nikashindwa hata kushika kikombe. Wewe mwenyewe ulimshukuru kwenye simu, ukasema nimepata mama wa pili. Nataka ulikumbuke hilo unaposoma yanayofuata.

Mvua ilipokata, akina mama wakaanza kuniletea majani ya maharage. Unajua Wafipa wanavyolima kwa ntumba, yale matuta ya mviringo, majani yanafukiwa chini yaoze yawe mbolea, juu yanapandwa maharage. Mwaka huu yalikuwa yamekubali vizuri sana. Ghafla majani yakaanza kuwa na vidoadoa vyeupe, yakageuka rangi ya shaba, yakakauka maganda yakiwa bado matupu. Nikageuza jani, nikaweka lenzi. Utitiri mwekundu, Baba, umejaa chini ya jani, na utando mwembamba umefunga ncha za matawi.

Hapo nikawa na wasiwasi na nafsi yangu. Mwaka jana niliwafundisha watu hawa kulima bila dawa za dukani: samadi, maji ya pilipili na sabuni, na majivu juu ya majani kwa ajili ya viwavi. Majivu niliyasisitiza sana. Sikuwaambia kwamba yakizidi yanaua na wale wadudu wazuri wanaokula utitiri, na kwamba utitiri wenyewe unapenda jani lenye vumbi. Onyo hilo kitabuni lilikuwepo. Nililiruka kwa sababu muda wa semina ulikuwa umeisha na watu walikuwa wanasubiri soda.

Basi nikafanya ulivyonifundisha kwenye kahawa yetu, kwamba kabla ya kuutibu mti nitafute kwanza ugonjwa umeingilia wapi. Siku tatu nilitembea shamba hadi shamba na daftari. Penye utitiri kidogo nikaweka nukta moja, penye mwingi nukta nyingi. Upepo wa kiangazi unatoka kusini mashariki, na nukta zangu zilizidi kuwa nene kadiri nilivyoufuata unakotoka. Mwishowe zote zilielekea kwenye shamba moja ng'ambo ya kijito, shamba la mahindi la Mama Sabina, ambalo lilikuwa halijavunwa ingawa wenzake wote walishavuna. Nilidhani amechanganya na maharage humo ndani. Nikachora duara, nikaandika CHANZO kwa herufi kubwa, nikapiga picha ramani nzima, nikaituma kwenye kundi la kazini.

Mkuu wangu akajibu hapohapo: "Kazi safi sana, bibi shamba." Wengine wakaongeza vidole gumba. Ikapangwa kwamba Alhamisi, yaani kesho, wataalamu watakuja na gari, na mimi nitawaongoza mpaka kwenye lile duara. Jioni ile nilijipikia wali na kuku. Nilijisikia nimefika, Baba, acha nikuambie ukweli.

Asubuhi yake nikaingia kwenye yale mahindi nijiandae, nisije nikaaibika mbele ya wageni. Mistari minne ya kwanza ilikuwa mahindi makavu ya kawaida. Nikapenya. Katikati ilikuwa bangi.

Ilikuwa imepandwa juu ya ntumba, mashina yamenizidi urefu, yametunzwa kuliko shamba lolote nililowahi kukagua huku. Chini kuna samadi, majani yamepakwa majivu sawasawa, na harufu ya pilipili na sabuni imetanda kote. Walikuwa wamefuata somo langu neno kwa neno. Na utitiri ulikuwa umeimaliza. Kila kichwa cha ua kimefungwa utando mweupe kama kitambaa cha maiti, na juu ya utando wadudu wekundu wanapita, wanarundikana kwenye ncha, upepo ukipiga wanaondoka nao kwenda kwenye maharage ya watu. Hakukuwa na mtu, lakini nilitoka nikikimbia.

Nilimkuta Mama Sabina uani anapepeta ulezi.

"Mama, nimeingia kwenye mahindi yako ya ng'ambo."

Hakuacha kupepeta. "Najua. Viatu vyako vimejaa majivu."

"Unajua kilichomo?"

"Shamba langu, mwanangu. Nisijue?"

Nikakaa chini. Akaniambia polepole, ungo mkononi. Mwanaye Deusi, mtu mzima wa umri wangu, aliahidi kwamba ni msimu mmoja tu. Waliomletea mbegu si watu wa hapa. Mama Sabina alipokataa, walikuja nyumbani kumsalimia. "Walikaa hapo ulipokaa," alisema. "Wakanywa uji wangu, wakausifia. Walivyoondoka sikusema tena kitu."

"Twende kwa mtendaji, mama. Useme mwenyewe kabla ramani yangu haijawaleta watu."

"Niseme nini? Kwamba ni mwanangu? Nimpeleke kwa mkono wangu?"

Aliweka ungo chini. Akauliza, "Hiyo karatasi yako haiwezi kufutwa?"

Nikamwambia imeshaingia kwenye simu za watu ambao wengine hata sura zao sizijui. Akasema, "Haya," akarudi kwenye ulezi wake. Hakunilaumu, Baba. Angenitukana ningepata nafuu.

Jumatatu nikashuka Majengo kutafuta salfa kwenye duka la pembejeo, angalau niokoe maharage yaliyobaki. Nikiwa kwenye kaunta, mtu akanisalimia nyuma yangu. Mtu nadhifu, shati limepigwa pasi, wa makamo.

"Habari za Mollo, bibi shamba? Tumesikia kuna utitiri."

"Upo," nikasema.

"Una dawa?"

"Ndiyo natafuta."

"Mshauri vizuri yule mama yako. Na ule ukaguzi wa Alhamisi, ukiahirishwa, itakuwa poa kwa kila mtu." Akanunua pakiti ya mbegu za mchicha, akanitakia safari njema.

Habari ya Alhamisi ilikuwa kwenye kundi la kazini peke yake. Toka siku ile sijui nani kati yao nimwandikie na nani nimwogope. Nilirudi bila salfa.

Jana akaja Mama Koleta, jirani, mwenye watoto watano. Maharage yake yote yamekauka, hakupata hata ya kula. Alikuja kuomba mbegu za msimu ujao. Mama Sabina akaingia ndani akamtolea debe zima, tena la maharage mazuri, akamsaidia kujitwisha. Mama Koleta akapiga goti, akamshukuru mpaka akatoa machozi, akamwita mtu wa Mungu. Alipoondoka, Mama Sabina alikaa chini palepale mlangoni.

"Wale watoto watakula nini mpaka mwakani?" akaniuliza.

Jioni Deusi akaondoka na begi. Sitaji alikokwenda.

Leo saa moja asubuhi nilimwona Mama Sabina anavuka kijito amebeba makaa kwenye kigae. Nilidhani anakwenda kuchoma takataka. Nilipoelewa nikamkimbilia, lakini mahindi makavu na upepo ule, Baba, hayasubiri mtu. Shamba lote likashika moto. Bangi iliungua, na mahindi yake yote yakaungua nayo, chakula chake cha mwaka. Watu wakaja mbio na matawi mabichi kuuzuia moto usivuke. Ulipopungua, akasimama mbele yao, masizi usoni, akasema kwa sauti:

"Nimechoma mimi. Humo ilikuwamo bangi. Ndiyo iliyozaa wadudu waliomaliza maharage yenu. Nilijua na nilinyamaza. Nisameheni."

Walitazamana, wakaokota matawi yao, wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Mama Koleta ndiye aliyekuwa wa mwisho. Alimwangalia, kisha naye akaenda.

Nimempigia mkuu wangu, nikamwomba waje leo, hata kwa pikipiki, na polisi waje nao. Nilimwambia yote. Akasema gari ni kesho, nisitoke ndani. Mtendaji simu yake haipatikani. Nimetuma mtu nyumbani kwake, mkewe anasema ameshuka mjini toka jana.

Toka saa sita watu wawili wamekaa kule barabarani, juu ya tuta, wanalitazama shamba lililoungua. Mmoja ni yule wa dukani. Nilipotoka kuchota maji alininyooshea mkono kunisalimia, nami kwa mazoea nikampungia. Hawaongei na mtu. Majirani wamefunga milango na kuku wao ndani, mchana huu.

Mama Sabina ameoga, amevaa kile kitenge cha akina mama wa kanisani, ameketi mlangoni na rozari. Jikoni maharage yanachemka. Ananiambia niondoke na Mwalimu Neema. Anasema, "Wakija nataka wanikute peke yangu. Wewe una baba yako na mama yako." Nimemwambia kesho saa nne gari litakuja, tuvumilie mpaka saa nne. Amesema saa nne ni mbali.

Baba, naogopa. Naandika haraka ndiyo maana herufi zimekuwa mbaya. Ramani ile ilikuwa ya kweli, kila nukta, na bado najuta kuichora. Wewe ungefanyaje? Najua ungeichora, maana hujui kuandika uongo kwenye daftari la kazi. Lakini najua pia ungeketi naye. Usinipigie kuniambia nirudi, kwa sababu nitakutii, na sitaki kukutii kwa hili. Mwombe mchungaji atukumbuke, bila kumwambia mengi.

Nisalimie mama kwa mikono miwili. Nisalimie kaka Ambakisye fundi baiskeli, mwambie koti alilonipa ndilo nililovaa. Mama mdogo muuza ndizi, shangazi wa Kyela na mguu wake, na mwanangu Lusajo, ambaye mkimwona anafanya hesabu msimsaidie, aachwe akosee mwenyewe. Mwambieni mama yake anampenda. Mwambieni leo, msingoje jioni.

Mwalimu Neema amefika, amesimama mlangoni na mkoba wake. Mama Sabina anamwambia, "Na huyu mchukue." Kumbe nguo zangu ameshazifunga yeye mwenyewe, begi liko karibu na mlango. Wale watu wameinuka kwenye tuta, wanakung'uta suruali. Mwalimu ananitazama, anangoja nimalize kuandika. Nampa barua, Baba. Begi nalirudisha ndani.

Binti yako,
Atupele